Saumu, mshona nyavu anayewarudisha kenge ziwani

Jua limetokeza juu ya milima ya Ubwari na ghuba yote ya Baraka inameremeta. Mitumbwi inaingia mmoja mmoja, na akina mama wenye mabeseni wanaisogelea kabla haijagusa mchanga. Pembeni kidogo, Saumu Ramazani amekaa juu ya ubao wa mtumbwi uliokufa. Wavu umemjaa mapajani, na upande mmoja ameunasa kwa kidole gumba cha mguu ili ukazike.

Mbele yake kuna tundu ambalo mtu mzima anaweza kupita.

"Huyu wa jana alikuwa munene," anasema bila kuinua macho. "Lakini balimukatia neti vizuri. Zamani ungekuta neti imepasukapasuka yote, na ye mwenyewe amekufa ndani."

Anayezungumziwa ni kenge. Katika matete ya mdomo wa mto Mutambala, kenge huwinda mahali palepale wavuvi wanapotega nyavu zao. Anamfuata samaki aliyenasa, naye ananasa. Asipopata hewa, anakufa. Akipata hewa, anararua kwa kucha mpaka mwenye wavu anafika na kasia.

Kazi ya Saumu ni kushona nyavu zilizokatwa ili kenge atoke akiwa hai. Anaifanya kwa namna yake: sindano anaishika kati ya kidole gumba na cha kati, kwa sababu vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena.

Alijifunza ufundi huu kwa baba yake, aliyekuwa na mabinti watupu. Wanaume wa ufukweni walicheka mwanzoni. Walipoona mshono wake haufumuki, wakaanza kumletea nyavu. Leo ana miaka arobaini na mmoja. Mumewe, Saleh, anaziba mitumbwi inayovuja, na watoto wao wanne wanasoma.

Na kenge hakuwa na habari nao. "Kwa sisi, kenge alikuwa mwizi tu," anasema. "Anakula kuku, anakula samaki ya batu, anaharibu neti. Ukimuona, unapiga."

Mambo yalianza kubadilika miaka miwili iliyopita, alipofika Solange, mtafiti kutoka kituo kimoja cha Uvira. Alitaka kujua kenge wa pwani hii ya Tanganyika wamebaki wangapi na wanazaliana wapi. Kenge huyu wa maji ndiye mjusi mkubwa kuliko wote barani Afrika; jamaa yake anayemzidi kwa ukubwa, yule wa visiwa vya Indonesia, anajulikana dunia nzima. Huyu wa kwetu, anasema Solange, anafahamika zaidi kwa ngozi yake kuliko kwa maisha yake.

"Kila nilipouliza nionyeshwe kenge, nilionyeshwa mzoga," anakumbuka Solange. "Na karibu kila mzoga ulikuwa umetoka kwenye wavu."

Aliwakusanya wavuvi akawaeleza kwamba kenge anakula kaa, konokono na samaki waliooza, na kwamba hufukua mayai ya mamba. Mamba wakipungua, wanaofurahi ni wale wanaochota maji na kuoga ziwani. Wavuvi walimsikiliza kwa adabu. Kisha Papa Iddy, mwenye mitumbwi mitatu na sauti inayofika mbali, akasimama.

"Mademoiselle, maneno yako iko muzuri. Lakini ukiniambia nikate neti, unaniambia batoto balale njaa. Nani atashona?"

Watu wote wakageuka kumtazama Saumu.

Hapo ndipo makubaliano yalipozaliwa. Mvuvi akimkuta kenge hai, anakata wavu na kumwachia. Ikiwezekana anamwita Solange kwanza, apate kumpima urefu na uzito na kumtia alama. Saumu anaushona wavu siku hiyohiyo, mvuvi halipi kitu, na mradi wa utafiti unamlipa Saumu ujira mdogo unaotosha unga na mafuta. Kwa nyavu zilizopasuka kwa sababu nyingine, anaendelea kuwatoza wavuvi.

Mpango ulikwenda vizuri mpaka mwaka jana, mvua za mwisho zilipokuwa zinamalizika.

Asubuhi moja pikipiki ilikuja kumchukua Saumu nyumbani. Kenge jike, mrefu kuliko kimo cha mtu, mwenye mkia uliokatika ncha, alikuwa amejifunga katika wavu wa Papa Iddy karibu na mdomo wa Mutambala. Tumbo lake lilikuwa limejaa mayai. Wavu ulikuwa mpya kabisa. Haukuwa umemaliza juma majini. Vijana wa Papa Iddy walikuwa wameuvuta mchangani na kuinua makasia.

"Mama Saumu," Papa Iddy alimwambia, "ingine yote ningekata. Hii ni mupya. Nitakata namna gani?"

"Usikate we, Papa. Ni mi nitakata. Na ni mi nitashona."

Alivua kitenge chake cha juu akamfunika kenge macho. Mnyama akatulia. Saumu akakata uzi shingoni, kifuani, kwenye miguu ya mbele. Ulibaki uzi mmoja, ule uliokuwa umezama katika nyama ya mguu wa nyuma. Aliuvuta; ulipochomoka tu, kenge aligeuka na kumwuma mkono wa kulia.

"Sikuona hata vile aligeuka," anasema. "Nilisikia mifupa yangu inalia ko!"

Kenge akiuma haachii upesi. Meno ya kenge mzima ni butu, yameumbwa kuvunja magamba ya kaa na konokono, na mataya yake yana nguvu ya kutisha. Vijana walikimbilia makasia. Aliyewazuia ni mwenye wavu.

"Musipige!" Papa Iddy alipiga kelele. "Mukimupiga ataminya zaidi! Mubebe bote wawili, muweke ndani ya ziwa!"

Wakawabeba mtu na mnyama pamoja mpaka maji yakafika kiunoni. Papa Iddy mwenyewe alimshikilia kenge mgongoni, akichapwa kwa mkia, akimwambia Saumu asivute. Kenge alipohisi ziwa limemzunguka, akafungua kinywa. Akaondoka akiogelea kuelekea kwenye matete, huku kitenge cha Saumu kikielea nyuma yake.

Vidole viwili vilivunjika na kidonda kikaoza. Hospitalini walifanikiwa kuuokoa mkono, lakini walimwambia wazi kwamba itapita miezi kabla hajashika sindano. Papa Iddy alisimamia matibabu bila kuombwa, na kila mtumbwi wake uliporudi, samaki wa Saumu walitengwa kwanza.

Hata hivyo Saumu hakuwa na usingizi. Nyavu zilizokatwa zilianza kurundikana. Mvuvi mmoja alisubiri siku tatu, na wa pili hakusubiri: kenge aliyefuata aliuawa kwa kasia. Solange hakumficha neno. Alimwambia kwamba bila mshonaji mpango wote utakufa.

"Nililia mbele yake," Saumu anasema. "Nilifikiri, basi ule mukono ulivunjika bure."

Siku iliyofuata Adolphine alikuja kumjulia hali. Adolphine ni mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa hili; ni Mbembe, kabila la wenyeji wa huku, aliyelelewa kanisani, na ni jirani yake wa miaka mingi. Alipomkuta katika hali ile, alitoka bila kuaga vizuri. Akarudi na wachuuzi wenzake sita, na kati yao hakuna aliyewahi kushika sindano ya nyavu.

"Tufundishe," Adolphine alisema.

"Mukono yangu haifanye kazi, dada."

"Mudomo wako inafanya. Sema, sisi tutafanya."

Saumu alikaa katikati yao, mkono umefungwa shingoni, akisema na kuelekeza kwa kidevu. Wavu wa kwanza, ule wa Papa Iddy, uliwachukua siku nzima. Anapousimulia anacheka mpaka anafuta machozi: macho mengine ya wavu yalikuwa makubwa ya kupitisha samaki mzima, mengine madogo ya kuzuia mbu. Waliufumua wakaanza upya. Walipomaliza mara ya pili, walihofu mwenyewe hatauchukua.

Papa Iddy aliupokea. Aliukunjua mbele ya watu, akaukagua mshono mmoja baada ya mwingine, kisha akautupa ndani ya mtumbwi wake. "Inashika samaki," alisema. "Mulitaka nini ingine?" Kuanzia siku hiyo nyavu zikaja.

Mradi ulipoleta ujira, Adolphine aliuweka wote kwenye mkono mzima wa Saumu. Saumu alikataa, hakuwa ameshona hata tundu moja.

"Mikono ni yetu, akili ni yako," Adolphine alimjibu. "Chukua, batoto bakule." Kwa miezi mitatu, mpaka mkono ulipopona, wanawake wale walishona wakiwa wamemaliza kuuza ndagala, na hawakuchukua kitu. Walianza kugawana naye pale tu aliposhika sindano tena.

Adolphine ana shamba la mihogo karibu na Mutambala, na katikati yake kuna kichuguu kikubwa alichokusudia kukivunja ili udongo wake ufyatuliwe matofali. Wiki chache baada ya ajali alimkuta yule kenge mwenye mkia uliokatika akikichimba. Alimpigia simu Solange, naye akamweleza kinachotokea: kenge hutaga ndani ya kichuguu, mchwa wenyewe huziba tundu, na joto lao hulea mayai kiangazi chote. Mvua kubwa zikirudi na kulainisha udongo, watoto hutoka.

Adolphine akaacha mpango wa matofali. "Mume wangu aliniuliza kama niko na wazimu," anasema. "Nilimwambia ile mayai Saumu ameilipia na vidole."

Novemba, baada ya mvua ya siku mbili mfululizo, alimtuma mtu wa pikipiki amlete Saumu haraka. Solange alikuwa amekwisha kufika. Kwenye ubavu wa kichuguu palikuwa na tundu dogo, na ndani yake kichwa chembamba cheusi chenye madoa ya manjano kilikuwa kinauonja upepo kwa ulimi. Nyuma yake kingine, kisha kingine. Walitoka wakisimamasimama, halafu wakapotea majanini kuelekea mtoni.

Saumu alichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. "Nilisema alhamdulillahi, Adolphine akasema Mungu asifiwe, na mademoiselle akasahau hata kupiga picha," anasimulia.

Solange ni mwangalifu asiseme kenge wameongezeka. Anasema utafiti wa namna hii unahitaji miaka. Analojua ni kwamba wanaokufa nyavuni wamepungua sana, na kwamba siku hizi anaitwa kuona kenge wanaopumua.

Mradi unafikia mwisho mwakani. Saumu na wenzake wameamua kutousubiri. Wanataka kiwanja juu kidogo ya ufukwe, mahali ambapo ziwa likijaa halifiki, wajenge banda la kushonea nyavu za wavuvi wote kwa malipo. Wiki ijayo Saumu, Adolphine na Papa Iddy watapanda mpaka mji wa Fizi kupeleka ombi lao kwenye bureau, ofisi ya serikali.

Na ombi likikataliwa?

Saumu anakata uzi kwa meno, anauvuta mshono kwa nguvu kuujaribu. "Tutashona juani, vile tunashona leo. Neti yenye ilipasuka na mwamba, mwenyewe atalipa. Neti yenye ilikatwa sababu ya kenge, hatalipa. Mradi ikuwe, isikuwe. Hiyo tulishamaliza kusema."