Mia na Kumi na Nane, Mara Mbili

Nilikaa eda Bongwe, katika nyumba ya marehemu mume wangu, miezi minne na siku kumi, na muda mwingi kompyuta ilikuwa mapajani mwangu. Wapo waliosema si adabu. Mama mkwe, aliyehama kwake Msambweni aje akae nami, aliwajibu kwamba eda imekataza manukato, wanja na kutokatoka ovyo, kazi haijaikataza. Siku ile nilimpenda upya, ingawa baadaye alinitesa.

Kazi yenyewe tulikuwa tumeianza wawili. Mume wangu alikuwa fundi wa pampu za maji, mimi huandika programu za vifaa vidogo. Kijiji kimoja upande wa bara, kule Kinango, kilikuwa na kisima, tangi juu ya mnara, na pampu ya sola ya kuwashwa na kuzimwa kwa mkono. Mara maji yanamwagika bure, mara tangi linakauka watu wakiwa kwenye foleni. Tuliwaahidi kifaa cha kupima kina cha maji na kuwasha pampu chenyewe. Yeye nyaya, mimi programu. Kabla hatujamaliza akafa ghafla, asubuhi, akifunga kamba za viatu. Walisema ni presha. Mimi mkewe sikujua kama ana presha, na hilo linaniuma kuliko yote.

Chipu tuliyonunua, ubongo wa kifaa chenyewe, ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno. Lugha ya kompyuta ninayoandikia huja na msaidizi wake wa ndani, sisi wa kazi hii humwita rantaimu. Ukitaka kuunda kitu ndani ya programu, yeye hukutafutia nafasi kwenye kumbukumbu. Ukimaliza nacho, yeye hufagia. Ukimuuliza swali, hukujibu. Katika chipu ile hakuenea, ikabidi nimwondoe na kufanya yote kwa mkono wangu: nafasi niitenge mwenyewe, kitu nikiamshe mwenyewe, na mwisho wake niuandike mwenyewe. Hata klasi, yaani ile michoro ambayo vitu huundwa kwayo, nilizitangaza kwa mtindo wa lugha nyingine ya zamani isiyomhitaji msaidizi, la sivyo kompyuta ilinigomea.

Nilikuwa na klasi mbili. Ya kwanza ilikuwa pampu ya kweli, iliyozungumza na nyaya. Ya pili ilikuwa pampu ya bandia, ya kujaribia mezani, maana mtu aliye edani haendi Kinango kila akibadilisha mstari. Zote mbili zilitimiza kiolesura kimoja, nacho ni orodha ya miito tu: washa, zima, kina ni kiasi gani. Raha ya kiolesura ni kwamba programu iliyobaki haina haja ya kujua nani yuko nyuma yake. Anayeitikia miito ile mitatu anatosha.

Bandia ilihitaji namba za kujibu, na namba hizo alinipa mume wangu. Siku moja alipanda mnara na mwanzi uliotiwa alama, akawa anauchovya tangini na kunisomea sentimita kwa simu, mimi ninaandika. Mia na ishirini na moja. Mia na ishirini. Mia na kumi na nane. Hapo akapiga ukelele, kumbe nyigu amemuuma sikioni. Mdogo wake, aliyekuwa chini ameshika ngazi, akacheka hata mimi nikamsikia. Mume wangu akarudia kwa hasira, "Mia na kumi na nane, andika, mwanamke, mimi ninakufa huku." Nikaandika mara mbili, na sikuirekebisha kamwe.

Basi katika eda yangu, kila nilipoendesha programu, namba zake zilipita mbele yangu kwa mpangilio uleule. Niliiendesha mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka. Sina haja ya kujitetea.

Mjane aliye edani haposwi waziwazi, hudokezwa tu, na mama mkwe alikuwa hodari wa kudokeza. Shemeji yangu, yuleyule wa ngazi, naye ni fundi na hajaoa. Alikuwa akija alasiri, anabisha hodi, anakaa barazani, tunazungumza habari za nyaya pazia likiwa kati yetu na mama yake karibu. Akiondoka tu, mama huanza.

"Umemsikia abishavyo hodi? Utadhani ni yeye."

Siku nyingine alikuwa akikunja nguo za marehemu, akainua kanzu moja na kuinyoosha hewani. "Hii yamwenea mdogo wake vilevile," akasema.

Nilijifanya ninasoma makosa kwenye kompyuta. Mwanzo nilikasirika hata chakula kikanishinda. Kisha hasira ikachoka, na katika uchovu huo nikaanza kujiambia, labda. Ni mtu mwema. Kazi ni ileile, sauti inakaribiana, mama atafurahi. Anayeitikia anatosha.

Wiki ya mwisho ya eda shemeji alikipeleka kifaa Kinango, akakifunga. Siku ya tatu akapiga simu ya mama yake, tukaiweka spika.

"Asalaam aleikum, shemeji. Kioo cha kifaa chasema tangi lina maji, lakini mifereji haitoi hata tone. Nimepanda mwenyewe. Tangi ni kavu. Watu wana siku mbili hapa na madumu yao, na ng'ombe pia."

Nikamwomba anisomee kioo kinavyosema.

"Mia na ishirini na moja," alisema. Tukangoja. "Mia na ishirini. Mia na kumi na nane." "Mia na kumi na nane tena." Halafu sauti yake ikashuka. "Shemeji, hizi namba ninazijua. Mimi nilishika ngazi."

Nikamwambia awashe pampu kwa mkono, watu wapate maji, kisha aniletee kifaa. Nilikwisha kujua kosa liko wapi. Nilikuwa nimeziacha klasi zote mbili ndani, bandia ikitangulia kuulizwa. Programu ikiwaka, iliuliza kilichoko nyuma ya kiolesura: wewe ni pampu ya kweli? Msaidizi angekuwapo, angejibu hapana kwa niaba ya bandia, na programu ingeiruka na kuchukua ya kweli. Miaka yote nilizoea kuambiwa hapana. Bila yeye hakuna wa kukagua, lugha inakubali neno lako lilivyo. Bandia iliulizwa ikapita. Ni kosa la mwanafunzi. Watu na mifugo walikaa na kiu siku mbili chini ya namba za maiti, kwa sababu mimi sikutaka kuzitoa.

Shemeji alifika alasiri. Safari hii hakukaa. Alimpa mama yake kifaa, akasimama nje ya pazia.

"Uniwie radhi, shemeji. Nawe mama, unisikie. Ninajua linalosemwa humu. Kaka yangu mimi nilimshikia ngazi tu. Nikiingia nyumba hii kwa hodi yake, nyinyi wawili mtamwitikia yeye, na mimi nitabaki hapa nje."

Nilifungua kompyuta nikaifuta klasi ya bandia yote, namba zote arobaini, zikiwamo zile mbili zilizofanana. Kompyuta haikuniuliza kama nina hakika. Nililia kwa sauti mbele ya mama mkwe, kilio ambacho hata siku ya maziko hakikunitoka. Kisha nikakijaza kifaa programu mpya, nikakipitisha chini ya pazia, shemeji akaondoka nacho.

Kesho yake akapiga simu. "Thelathini na sita," alisema, "na yapanda."

"Ni namba gani hiyo?" mama mkwe akaniuliza.

"Ni ya leo, mama."

Alasiri ile hakuna aliyebisha hodi. Mama mkwe alikaa akiuelekea mlango mpaka saa yenyewe ikapita. Kisha akaenda akaileta ile kanzu, akaniwekea mikono ya kanzu mapajani, juu ya kompyuta, nimsaidie kukunja.

"Haimwenei mdogo wake," alisema. "Mikono yamzidi. Nilijua tangu siku ile."