Walitaka kujenga etaji juu ya vichwa vyetu huku Kashebere, nikasimama nikauliza swali moja

Wakuu, salamu kwenu kutoka Kashebere, pale Walikale inaanzia ukitoka upande wa Masisi.

Mimi humu niko wa kusoma tu, sijawahi kuandika. Leo naandika juu kuna jambo limenikaa kifuani, na huku kartie, mtaani kwetu, sina wa kumwambia yote.

Nitasema vile ilikuwa. Sitaongeza chumvi. Swahili yangu ni ya Congo, mutanivumilia. Majina nimebadilisha, na mukifika chini mutaelewa sababu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, munaweza kuniita Mama Neema. Niko fundi wa nguo, nashonea ku baraza ya nyumba yangu. Bwana yangu anauzisha bidhaa ku njia ya Itebero, kule ndani ya pori, anaweza kumaliza muda mrefu hajarudi na hana réseau ya simu.

Nyumba yetu iko chini ya kilima, pamoja na nyumba zingine za mbao na mabati, zimebanana. Juu yetu kuna sehemu moja ya majani tu. Watu wanafungaka mbuzi pale.

Basi siku moja tukaona vijana wanapiga vijiti kule juu na kuvuta kamba.

Tukafikiri ni antene ya simu. Tulifurahi hata, juu réseau ya huku ni ya kuombea.

Kumbe hapana.

Chefu wa kijiji akaita watu ku uwanja wa kanisa. Akasema kuna mufanyabiashara mukubwa, ambaye huku tunamuita tu Patron, anataka kujenga nyumba ya apartema. Etaji tano, yaani ghorofa tano. Za kupangisha wageni: watu wa madini, watu wa maprojet, wale wanakujaka na majeep.

Wakuu, muelewe vizuri. Kashebere haina etaji hata moja. Kanisa yenyewe ni ya chini. Papa mmoja akauliza maji yatapanda namna gani mpaka kule juu, watu wakacheka. Vijana wakapiga makofi juu ya kazi. Na mimi nikapiga. Nani anakataa maendeleo?

Kufika ku nyumba njo nikaanza kufikiri.

Ya kwanza iliyotuingia ni mambo ya kuoga. Huku kwetu fasi ya kuogea ni bashi, turubai tu, umezungusha ku miti, na juu wazi. Unaoga huku unaangalia mawingu. Jirani yangu, Mama Furaha, akaniambia:

"Mama Neema, wale wageni watakuwa wanakunywa chai kule juu huku wanatuhesabia mbavu."

Tukacheka mpaka machozi.

Alafu akaacha kucheka. Akaangalia kule ku vijiti.

"Na vita ikikuja?"

Wale hamuishi huku, acheni niwaeleze.

Wenye bunduki wakiingia mu kijiji, kitu ya kwanza wanatafuta ni fasi ya juu. Fasi ya kuonea njia. Mara ya mwisho walikamata shule iko ku kilima cha ng'ambo, juu inaona daraja. Kisha wengine wakakuja kuwatoa pale. Wale wa juu wanapiga chini, wale wa chini wanapiga juu, na nyumba za watu ziko katikati.

Kulikuwa familia moja chini ya ile shule. Nilikuwa nawashonea uniforme za watoto. Ile nyumba haiko tena. Nisiseme zaidi.

Sasa wewe weka etaji tano za beton juu ya vichwa vyetu. Kila mwenye bunduki atakayepita hii njia, wa upande wowote, ataitaka. Na sisi tutakuwa wapi?

Kuanzia pale nikakosa amani. Nikishona, macho inaenda ku vile vijiti. Niliwahi kujitoboa kidole na sindano ya mashini nikiwaza, na mimi si wa kujitoboa.

Tukaanza kuongea na majirani pole pole, ku maji, ku soko. Kila mutu alikuwa na woga yake. Mwingine alisema udongo wa kile kilima utateremuka wakichimba. Mwingine aliogopea chemchemi. Lakini wote walikuwa wanamalizia palepale ku bunduki, na sauti inashuka.

Shida ilikuwa moja: nani ataenda kusema? Patron iko na watu. Huku kwetu mwenye mali hakosi watu.

Ku réunion ya pili, ule mukutano wa kijiji, Patron akakuja yeye mwenyewe. Papa wa makamo, koti safi, sauti ya upole kabisa. Nyuma yake walinzi wawili na bunduki zao.

Akaeleza mazuri mengi. Umeme wa solar. Kazi ya vijana. Kashebere itakuwa cité kama zingine. Alipomaliza, chefu akauliza kama kuna mwenye neno.



Nikaangalia wale wote walikuwa wanaongea ku maji. Kila mutu anaangalia viatu vyake.

Wakuu, sijui niwaambie nini. Miguu njo ilisimama, kichwa hakikuwa na habari.

"Jambo sana, Papa. Mimi naishi pale chini. Ya kwanza, mutakuwa munatuona tukioga."

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka. Ile kicheko ikanipa nguvu.

"Ya pili, Papa. Vita ikirudi, ile nyumba itakuwa ya nani?"

Hakuna aliyecheka tena. Patron akaniuliza:

"Mama, nani alikuambia kama vita itarudi?"

Kwa mutu wa mbali hiyo ni swali ya kawaida. Huku ni swali ya hatari. Maana yake: wewe unajua nini? Unaongeaka na nani?

"Hakuna aliniambia, Papa. Nilizaliwa huku tu."

Nikakaa. Mama Furaha akanishika mukono chini ya kikwembe, kitenge chake, akanifinya. Chefu akafunga réunion haraka haraka.

Haikupita muda, moto, ile pikipiki ya kubeba watu, ikasimama mbele ya baraza yangu. Mchana kweupe, watu wanapita. Vijana wawili, siwajui. Hawakuzima moteur.

Yule wa nyuma akashuka. "Wewe njo ule mama wa kusemaka vita?"

Nikajibu mimi ni fundi wa nguo.

Akaingia mpaka ku mashini. Kulikuwa robe nyeupe, gauni ya binti yangu mukubwa, ya komunyo ya kwanza. Akaishika na vidole viwili, kwa heshima hata.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mutoto wangu."

"Umumalizie mbio," akasema. Alafu akapanda, wakaenda.

Ni ile tu. Hakunitukana, hakunigusa. Lakini nilibaki nimesimama, mukasi mu mukono, na sikuweza kukata kitu tena ile siku.

Nilipigia bwana yangu, haikupita. Nikafunga nguo kidogo, nikapakia watoto ku moto, tukaenda Nyabiondo kwa dada yangu mukubwa. Dada analima maharagi kule, nyumba yake iko mbali na barabara. Akatupokea, hakuuliza mingi.

"Kaa huku," akaniambia. "Waache wajenge. Wewe uko na watoto."

Nikakaa. Tulikuwa tunatwanga sombe ya majani ya muhogo, tunachagua maharagi, na kila nikisikia moto inapanda kilima naacha yote naangalia watoto wako wapi. Binti yangu akaniuliza kama robe yake tuliiacha. Nikamwambia ndiyo. Hakulia. Alikuwa anaelewa zaidi ya vile nilitaka.

Alafu Mama Furaha akanipigia.

"Camion imeleta mawe na vyuma. Kesho asubuhi wanaanza kuchimba. Sisi wamama tutaenda kukaa pale."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu. Sikuambii ukuje, dada. Nakuambia tu kama tutakuwa pale."

Nilimuchukia mule mu simu. Kweli kabisa. Juu nilijua nitaenda.

Watoto nikawaacha kwa dada. Njiani, kila kona nilikuwa nataka kumwambia motard ageuze. Alikuwa anaongea habari za pneu ya moto yake na mimi naitika "ndiyo, ndiyo" bila kusikia kitu.

Nilipofika niliwakuta wamekaa mu majani, katikati ya vijiti. Wamama wengi kuliko nilivyofikiri. Mwingine ananyonyesha, mwingine anatoa maharagi mu maganda, kama vile wako ku baraza kwao. Vijana wa kazi wamesimama na mapawo ya kuchimbia, hawajui wafanye nini, juu wengine mama zao walikuwa pale chini.

Nikakaa kando ya Mama Furaha. Hatukuimba, hatukulalamika.

Jeep ya Patron ikapanda. Akashuka na wale walinzi wawili, na ile sauti ya upole haikuwepo tena.

"Wamama, mutoke. Hii ni fasi yangu. Nilifuata njia yote ya halali."

Hakuna aliyetoka.

"Nimesema mutoke!"

Mulinzi mmoja, sijui alitumwa ao alijituma, akakoki bunduki.

Ule mulio, wakuu. Mwenye anaujua anaujua.

Wote tulilala chini mara moja, kama vile tulikuwa tumefundishwa pamoja. Yule wa kunyonyesha alikuwa ameshafunika mutoto wake na mwili. Mimi uso wangu ulikuwa mu majani, maharagi ya mutu imemwangika mbele ya macho yangu, na nilikuwa nangoja. Niliwaza watoto, nikashukuru hawako pale. Sikuwaza kitu ingine.

Hakuna sasi lilitoka mu bunduki.

Nikainua macho kidogo tu. Nikaona jeep, mulango wazi. Na nyuma ya mulango nikaona Patron.

Amechuchumaa. Goti moja mu udongo, mikono juu ya kichwa.

Yeye pia! Bunduki ilikuwa ya mulinzi wake mwenyewe, na mwili wake ulifanya vile yetu ilifanya. Pale njo nilijua kama huyu Papa naye amekulia huku, amekimbia kama sisi.

Alijua tunamuona. Akasimama pole pole. Goti ya pantalo ilikuwa imechafuka, hakuipangusa. Akamwambia mulinzi, "Weka chini." Akaangalia nyumba zetu kule chini muda murefu, mabati na vile vibashi vya kuogea. Alafu akapanda mu jeep, akaenda.

Tulibaki pale mpaka jua kali. Hakuna aliyefurahi. Tulikuwa tunaogopa kusimama.

Wiki zilizofuata chefu akatuambia Patron amebadilisha. Atajenga karibu na barabara, nyumba ya chini, vyumba kwa mustari. Vijiti vikatolewa. Hakuna aliyekuja kutuambia tulishinda ao tulishindwa.

Bwana yangu alirudi kutoka Itebero, akasikia yote, akakasirika sana. "Ungeniuliza kwanza!" Nikamuuliza, na réseau gani? Siku ile alikula, alafu akaenda kunitengenezea mulango wa nyumba, akaongeza kufuli.

Watoto walirudi. Ile robe niliimalizia, komunyo ilifanyika, binti yangu akaivaa.

Lakini musifikiri yote imeisha vizuri. Kuna vijana hawanisalimii tena, wanasema niliwanyima kazi. Kuna jirani mmoja anasema ni mimi nilileta wenye moto mu kartie.

Na juzi, mmoja wa wale vijana wawili wa moto alikuja. Peke yake, kwa miguu, na suruali mu mukono. Anataka nimukatie urefu.

Nilimupima. Nilipiga magoti mbele yake na mètre, pini mu mudomo, nikapima mara mbili juu namba ilinipotea.

"Mama, usiniogope," akasema. "Sisi tulitumwa tu."

"Na nani?"

Akacheka. Akasema atarudi kuichukua.

Mafunzo yangu ni madogo. Mimi nilikuwa nafikiri woga inaisha kwanza, njo mutu anasema ukweli. Woga haikuisha, hata sasa. Nilisema nayo ndani, nikakaa mu majani nayo ndani. Na peke yangu nisingeweza: kama wale wamama hawangekuwa pale, leo ningekuwa ningali Nyabiondo nachagua maharagi.

Na wale munajenga: kabla ya kuangalia kule juu itafika wapi, muulize kwanza nani analala chini yake.

Sasa wakuu, semeni. Huko kwenu, Goma, Bukavu, Dar, Nairobi, wakileta etaji kando yenu wanawauliza? Mungefanya nini kama mimi? Nitasoma nikipata réseau. Jina ya Patron musiniulize.

Na kama wewe uko huku Kashebere, na umenitambua, tafazali: ukipita mbele ya baraza yangu, nisalimie tu kama siku zote.