Salamu Zangu Zilifika Maore

Serikali iliporuhusu redio za watu binafsi, mji wetu wa Same nao ukapata yake, yenye habari za milimani na kipindi cha salamu. Nilifurahi kuliko wote, maana mimi kutoka nyumbani ni kazi. Dada yangu alikuwa ameolewa kijiji cha Maore, wilaya yetu hiyohiyo. Badala ya kupanda basi, kila wiki nilimtumia kadi ya salamu redioni.

Siku moja mtangazaji akasoma jibu la dada: “Mdogo wangu, salamu nimezipata. Sasa njoo mwenyewe, redio haili makande.” Nilicheka, nikajaza kadi nyingine.

Nilifika Maore siku ya kumzika. Jirani yake aliniuliza jina, akashangaa. “Kumbe ndiye wewe! Dada yako alikuwa akitunyamazisha wote jina lako likisomwa.”

Afadhali angenitukana.