Mpika maharage wa Majengo na maji yasiyotoa povu

Saa kumi na moja alfajiri, kabla majirani hawajaanza kugonganisha mabidoni ya maji, Généreuse Nyirarukundo huchota maji kidogo kutoka kwenye pipa lake la mvua, akayatia katika sahani ya bati na kusugua kipande cha sabuni juu yake kwa vidole viwili. Povu likisimama, anawasha moto. Likiganda kama maziwa yaliyoharibika, maji hayo ni ya kuoshea miguu.

Leo anafungua koki ya pipa na hakuna kinachotoka. Anagonga ubavu wake. Pipa linalia tupu, juu hadi chini.

Jana jioni lilikuwa karibu kujaa, na usiku mvua imenyesha.

"Mama Munezero," anaita bila kugeuka. "Ile maji iko wapi?"

Léonie Uwimbabazi, mjane wa miaka ishirini na mbili aliyekimbia vita katika vilima vya Masisi, yuko mlangoni na mtoto wake Munezero mgongoni. Mkono wake unapanda kufunika mdomo, kama ufanyavyo kila anapotaka kusema. Kisha unashuka. Anakaza kitenge cha mtoto na kurudi ndani.

Généreuse, mwenye miaka arobaini na saba, huchemsha maharage na kuyauza kwa kopo hapa Majengo, mjini Goma. Familia nyingi za mtaa huu haziwezi kununua makala, yaani mkaa, ya kuchemshia maharage tangu mwanzo, hivyo huyachukua kwake yakiwa yameiva, zikayaunga kwa kitunguu nyumbani. Siku njema humwachia dola nne.

Leo si siku ya makopo. Papa Sebahire, fundi cherehani wa mtaa wa pili, anamaliza matanga ya mama yake, na ameagiza sufuria mbili kubwa. Misa ikiisha saa sita, watu watakaa kula.

"Hapa jina langu ni maharage laini," anasema Généreuse. "Matanga yana watu mia. Wakitafuna mawe leo, kesho nani atanijia na kopo?"

Bomba lipo, hatua thelathini kutoka mlangoni. Maji yake hayana ubaya kwa macho: meupe, hayanuki. Lakini ni magumu. Birika za mtaa huu zina gamba jeupe ndani kama ukuta uliopakwa chokaa. Nguo hukauka zimekakamaa, na kipande kizima cha sabuni huisha kabla shuka mbili hazijatakata.

Kwa maharage ni balaa. Katika sufuria ndogo ya kila siku, kwa maji ya mvua yanaiva kwa saa mbili. Kwa maji ya bomba yanakula saa nne na zaidi, na ganda bado linakwaruza ulimi; sufuria kubwa ya matanga huchukua mara mbili ya hapo. Tangu mapigano yafunge njia ya Masisi, inayoleta makala, mapema mwaka huu wa 2024, gunia alilokuwa akilinunua kwa faranga elfu sitini limepita elfu mia.

Ndiyo maana hupenda kujisifu kwamba hapotezi hata tone la kwanza la mvua. Wingu likitanda tu, mfereji wa bati umeshaelekezwa kwenye pipa.

Hakuzaliwa na shida hii. Kwake kulikuwa upande wa Munigi, na kisima cha saruji kilichokinga mvua ya msimu mzima. Mei 2021 mlima wa volkano wa Nyiragongo ukalipuka. Alitembea hadi mji wa Sake akiwa na sufuria mbili kichwani. Aliporudi, nyumba na kisima vilikuwa chini ya lava. Alivunja vipande vitatu vya jiwe lile jeusi, akavifanya mafiga.

"Lilinilia nyumba," anasema, akilipiga jiwe moja kwa mwiko. "Sasa linibebee sufuria."

Saa kumi na mbili anapata wazo. Maharage aliyaloweka jana jioni, kabla ya mvua, kwa maji mazuri. Kwa kawaida maji ya kulowekea humwagwa. Leo anayachuja yote kwa kitambaa na kuyatia katika sufuria ya kwanza. Yanatosha hiyo tu. Ya pili inapata maji ya bomba.

Moto unawaka. Upande wa Sake mlio mzito wa mzinga unasikika, kisha mwingine. Wanawake waliopanga foleni bombani wanageuza vichwa, wanahesabu kimya, wanarudi kwenye mabidoni yao.

Léonie anachochea sufuria ya pili bila kuambiwa. Alikuja kwa wiki mbili, parokia ilipoomba wenye nyumba wapokee waliokosa nafasi katika kambi ya Kanyaruchinya. Sasa anaelekea miezi minane.

"Habari ya njia ya Masisi?" Généreuse anauliza. Ni swali lake la kila siku. "Haijafunguka?"

"Bado, Mama."

Saa tano sufuria ya kwanza inanukia. Ya pili inatokota kama inayocheka, lakini punje ikibanwa kati ya vidole inateleza nzima.

"Tia magadi, Mama Généreuse!" anapaza sauti Vanessa, jirani. "Minite makumi mbili, umemaliza!"

"Tia wewe kwenye chai ya bwana wako, tuone kama atarudi kulala!"

Foleni inacheka. Généreuse hacheki. Magadi yangelainisha kweli, lakini yangeacha ladha ya majivu, na yeye ameapa kutoyatumia.

Papa Sebahire anafika saa sita na dakika chache, suti nyeusi, jasho usoni.

"Misa imeisha. Mama yangu amekula maharage yako miaka mitatu. Leo wageni wake watafune changarawe?"

"Muzee, sufuria moja iko tayari. Anza na wazee na waliotoka mbali. Ya pili naileta saa nane, na sitakudanganya kwamba imeiva kabla."

Sebahire anaonja kutoka sufuria ya kwanza. Anafumba macho kidogo. "Saa nane," anasema, na kuita vijana wabebe.

Saa nane na nusu, sufuria ya pili inakwenda. Imekula gunia karibu zima. Faida ya siku imekuwa moshi, lakini hakuna bakuli lililorudi na chakula.

Ni wakati wa kusugua masufuria ndipo Léonie anapoketi mbele yake.

"Mama, ni mimi nilimwaga ile maji."

Généreuse anaacha kusugua.

"Jana moshi wa volkano ulilala upande wetu. Mvua ilipoanza nikapapasa bati, likawa na majivu. Na mfereji ulikuwa unaingia kwenye pipa. Mvua ilipokatika nikaonja ile maji. Chachu." Anaondoa mkono mdomoni. Meno yake yana mistari ya kahawia, mengine yamelika. "Kule kwetu tulikunywa maji ya namna hii. Moshi ukilala, baba alikuwa anazuia ng'ombe kunywa. Watoto hakutuzuia. Hakujua inakula meno. Munezero anaanza kuota meno, Mama."

Généreuse analitazama pipa, kisha mfereji aliouelekeza kwa mkono wake mwenyewe.

"Asubuhi nilikuuliza. Mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa. Kila siku unaniuliza kama njia ya Masisi imefunguka. Nikajua umenichoka."

Généreuse anavuta sufuria na kuanza kusugua tena.

"Nitamwita Edmond, fundi wa bati," anasema. "Afunge kiungo cha kugeuza mfereji. Mvua ya kwanza ioshe bati, iende chini. Ya pili ndiyo tukinge. Na nikipata pipa lingine, siku ya majivu tutakuwa na akiba." Anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Wewe ndiwe utaonja. Mimi nitapima kwa sabuni."

"Mimi? Na njia ikifunguka?"

Généreuse anaweka sufuria chini.

"Nauliza ile njia kwa sababu naiogopa," anasema. "Ikifunguka, usiende, mutoto wangu."