Visima Viwili Kando ya Shimo la Mchanga

Mkubwa wangu wa maabara aliponiambia niende peke yangu kupima visima vya kijiji kimoja, nilishuka ngazi mbio kama mtoto siku skuli inapofungwa. Nilikuwa mgeni kazini, na mpaka siku ile kazi yangu kubwa ilikuwa kuosha chupa.

Kijiji chenyewe kiko mbele ya Bububu, pembeni mwa shimo lililochimbwa mchanga wa kujengea mpaka likafika kwenye jabali. Wachimbaji walishaondoka. Mvua ililijaza maji, watu wakalijaza taka. Watoto wa pale hawakuisha kuharisha, ndipo sheha, kiongozi wao, akaomba maji yapimwe.

Visima vilikuwa viwili. Cha karibu na shimo maji yake meupe, matamu, na kila mtu akinywa hayo. Cha nyuma ya msikiti kiliachwa kwa kuwa kina chumvi kidogo. Bibi mmoja aliyenipokea, ambaye mjukuu wake alikuwa amelala kwa kuumwa na tumbo, alinishauri nisijisumbue na kile cha msikitini. Nilichota kwenye vyote viwili, nikazipanga chupa kwenye barafu, nikarudi mjini.

Vijidudu havijulikani papo hapo. Maji huchujwa, na kile kichujio hulazwa kwenye kisahani ndani ya kabati la joto hadi siku ya pili. Asubuhi yake nilikata vichochoro vya mtaa wa Malindi bila hata chai, nikafika mlango haujafunguliwa.

Kisahani cha kisima cha shimoni kilijaa madoa kama upele, kila doa kundi la vijidudu. Cha msikitini kilikuwa safi. Nilikuwa naona kwa macho yangu kilichokuwa kikiwaumiza watoto wale. Mkubwa wangu alitazama kwa muda, akanitaka nirudie. Nikaenda kuchota tena, na majibu yakawa yale yale. Hapo akatabasamu, akanieleza kwamba mchanga ndio uliokuwa ukiyachuja maji. Sasa umeondolewa, na uchafu wa shimoni unapenya kwenye nyufa za jabali mpaka kisimani.

Sheha aliita watu barazani. Niliwaeleza nilichokiona, kwa furaha ya kuwa na jibu. Yule bibi hakuridhika.

"Mwanangu, maji yale nnayanywa tangu niolewe. Leo ndiyo yawe mabaya?"

"Yalikuwa mazuri, bibi. Shimo ndilo lililoyaharibu."

Akamtuma mkwewe kuchota kwenye kisima cha msikitini. Akanipa kikombe mimi kwanza. Nikanywa chote mbele ya watu. Naye akanywa, akakunja uso.

"Yana chumvi," akasema. "Lakini ntayazoea."

Taka zilikatazwa shimoni, na wanawake wakahamia kisima cha msikitini. Baadaye bibi alinipigia simu mwenyewe kunambia mjukuu wake amenenepa, na kwamba siku hizi hashikiki kwa kukimbia.