Bibi wa Paji la Uso

Shule niliachia darasa la tatu, lakini jina ukinitajia mara moja limekaa. Pale kanisani kwetu Stafford, jirani na Houston, nawajua wote, na watoto wao, na mama waliowazaa. Kwa hivyo hili ninaloandika siwezi kusema nilisahau.

Mjukuu wangu, baba yake ni mtu mweusi wa Honduras, anaongea Kihispania. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba. Wa pili ndiye huitwa la mama ya mama. Alipozaliwa hapa Houston, binti yangu akaniuliza, "Mama, mila inasemaje?" Nikamjibu, "Hao wa Honduras mila yetu wataijulia wapi?" Nikampa langu. Wa pili hakuja.

Miaka kumi na sita nikamwita wajina wangu, nikiringa.

Juzi akaketi jikoni, mimi nasukuma chapati, anisomee shairi atakalosoma maktaba. Ameliandika kwa Kiingereza na Kihispania, akawa ananitafsiria. Linasema kwa upande wa mama anaitwa Mhispania, kwa upande wa baba anaitwa Mwafrika. Halafu: "Jina langu ni la bibi mmoja, paji la uso ni la mwingine. Huyu wa paji la uso, nani humwita?"

Nikaacha kusukuma.

"Wajina, jina lako lilikuwa liwe la bibi huyo. Nilimnyang'anya nafasi."

"Shosho! Wewe unayegombana na watu wakiruka laini dukani?"

"Mimi huyo huyo."

Hakucheka. "Basi mwambie yeye, si mimi."

Tukapiga simu Honduras, mtoto akitafsiri. Nikamweleza yule bibi nilivyomnyang'anya nafasi. Kumbe mila yetu mwanawe alimweleza kitambo. Miaka hiyo yote alidhani tulilisikia jina lake tukaliona halifai.

Nikamwomba radhi, nikamwomba anitamkie jina lake. Mara moja tu.

Siku ya maktaba simu ilikuwa mapajani mwangu, bibi mwenzangu anasikiliza. Mtoto alipofika pale pa "nani humwita?" akanitazama.

Nikaliita lile jina, kwa sauti ya kumwitia mtu ng'ambo ya shamba. Watu wakageuka.

Pale mapajani, kwenye simu, bibi mwenzangu akaitika.