Chupa Nne za Maji ya Bondeni

Mwaka wa kwanza chuoni nilikuwa hodari wa kupika data. Nalisema hili bila haya kwa sababu adhabu yake nilishaipata. Maabara ya kemia ya mwaka ule ilikuwa karatasi yenye hatua kumi, na mwisho wake jibu ambalo darasa zima lililijua kabla hatujagusa bureti. Madaftari ya waliotutangulia yalizunguka bwenini, nasi tukanakili kwa bidii ambayo tungeitia kwenye kusoma tungefika mbali.

Mwaka wa pili tukakabidhiwa mwalimu mwingine, mama mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alituondolea zile karatasi. Akatugawia chupa zisizo na maandishi, akasema hata yeye hajui zina nini. Daftari liandikwe kwa wino. Ukikosea, piga mstari mmoja tu, ili kosa lisomeke. Wiki ya kwanza nikampelekea vipimo vitatu vilivyolingana mpaka desimali ya mwisho. Akavitazama, akanitazama.

"Umepima au umetunga?"

Wenzangu wakaenda kula, mimi nikarudia kazi yote. Nilimchukia siku ile, na nikamchukia zaidi wiki iliyofuata, aliponirudisha tena kwa sababu sikuandika chupa yangu ililala wapi na nani aliigusa. Niliona ni kisirani tu. Maji ni maji, nikajiambia, tena mimi mtoto wa kisiwani, nani wa kunifundisha maji?

Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alitakiwa kufanya utafiti wake mdogo. Nikaomba kurudi Mafia. Kijijini kwetu, upande wa Ghuba ya Chole, kuna kisima cha bondeni ambacho shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa akikilalamikia miaka miwili mizima kwamba kimeingia chumvi. Kamati ya maji ilishamchoka. Walisema ana mdomo, anataka tu lile bomba lililopangwa kuletwa kijijini lipite mlangoni kwake. Shangazi ana presha. Zahanati walimkataza chumvi, naye akaiacha hata kwenye samaki, kisha akashushia chakula kwa maji ya kisima kilekile. Nikamwahidi kwamba safari hii atapimiwa na mtu wa kwao, na kamati ikakubali kusikia matokeo Ijumaa baada ya swala.

Nikateka ndoo moja, nikaigawa katika chupa nne, nyingine nusu, nyingine zaidi kidogo, kwa kuwa kipimo hakihitaji maji mengi. Nikaziacha kwa shangazi. Asubuhi nikazitia kwenye mkoba, nikapanda bodaboda hadi Kilindoni, ambako mwalimu mmoja wa sekondari aliniruhusu kutumia maabara ya shule.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Unatia dawa ya njano kidogo kwenye maji, halafu unadondosha nitrati ya fedha tone kwa tone mpaka rangi igeuke nyekundu ya tofali. Maji yenye chumvi nyingi hula matone mengi. Nitrati hiyo huacha weusi vidoleni. Mama muuza duka nje ya shule aliniuliza harusi ni ya nani, akidhani nimepakwa piko na mtu asiyejua kazi.

Chupa ya kwanza ikasoma chini ya kiwango, maji salama. Ya pili juu kidogo. Ya tatu chini kabisa, ya nne katikati. Nikarudia kila moja, majibu yakarudi yaleyale. Nikakaa kwenye stuli, nikapiga hesabu. Ukichukua wastani wake, kisima kilikuwa kizuri na shangazi yangu alikuwa mwongo.

Mkono uliniwasha, siwezi kuficha. Ningeweza kupika, na kwa elimu niliyokwisha kuipata ningepika vizuri kuliko zamani. Lakini zile tarakimu zilinikera kwa namna ambayo mwaka wa kwanza zisingenikera. Ndoo moja haitoi maji ya aina nne. Kwa hiyo tatizo halikuwa kisimani, lilikuwa njiani. Nikamsikia yule mama wa miwani: ililala wapi, nani aliigusa? Nikaziinua chupa dirishani. Nilishachota mara mbili kutoka kila moja, na bado maji yalikaribia shingo, ilhali mimi nilizitia nusu.

Nilifika kijijini nimefura.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, wameonaje huko?"

"Shangazi, zile chupa uliziongezea maji?"

Akaniangalia kama nimeuliza jambo la ajabu. "Sasa ningekuachaje uende kwa watu na vyombo nusunusu? Si wangesema kwetu tuna choyo hata cha maji? Nikakujazia ya mvua, yale mazuri ya mtungini."

Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, na mgeni haondoki na kikapu kilicholegea. Hasira yote ikaniisha. Nilipomweleza alichofanya, alikaa chini kwenye kizingiti akajifunika uso kwa kanga. Ile chumvi aliyoilalamikia miaka miwili, ameizimua kwa mkono wake. Nikamwambia, na ni kweli, kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu. Sikuweka alama ya kina cha maji, wala sikumwambia asiziguse, na yote mawili nilifundishwa.

Tukateka upya, nikaweka alama, nikazungushia vifuniko selotepu, nikaenda nazo Kilindoni palepale. Vipimo vinne vikakaribiana, vyote juu ya kiwango. Sijawahi kufurahia maji mabaya namna ile. Nikaupiga picha ukurasa wa daftari, vile vipimo vya mwanzo vikiwa vimepigwa mstari mmoja, nikamtumia mwalimu wangu. Akajibu kwa maneno mawili: "Sasa umepima." Nayahifadhi mpaka leo. Namshukuru kwa kila mlo alionikosesha, maana bila yeye ningempeleka shangazi yangu mbele ya watu na ushahidi wa kumwangamiza.

Ijumaa ikafika. Nilikusudia kuisomea kamati vile vipimo vya pili tu, sikutaka shangazi achekwe. Nikavisoma. Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, akasikiliza mpaka mwisho.

"Tumesikia ulikwenda Kilindoni mara mbili wiki hii," akasema. "Ile mara ya kwanza ulipata nini?"

Nilifungua daftari, nikalifunga. Shangazi akasimama upande wa wanawake.

"Mara ya kwanza maji niliyaharibu mimi," akasema. "Nilitia ya mvua kwa kutojua. Msimlaumu mtoto. Liandikwe hilo, na hili la pili liandikwe."

Hakuna aliyecheka. Katibu akaandika yote mawili. Kisha mwenyekiti, kwa mara ya kwanza katika miaka ile miwili, akamuuliza shangazi yangu anaonaje, bomba lipite wapi.